Vitamutamu vya sherehe vya kutengeneza nyumbani hapa Dodoma: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya nimeyakusanya kutoka kwa majirani, kina mama wa kikundi chetu, na vijana wa chuo wanaotaka kumfanyia mwenzao sherehe kwa fedha kidogo. Nimepika vitamutamu vya komunio, kipaimara, Idd, mahafali na sikukuu za kuzaliwa kwa miaka mingi, na jambo moja limenikaa moyoni: Dodoma ina karibu kila kitu kinachohitajika. Karanga, ubuyu, zabibu, ukwaju, ufuta na choya ni vya hapa hapa, na asali na mafuta ya alizeti yanatoka kwa jirani zetu wa Singida. Mapishi mengi tunayoyasoma yameandikiwa watu wa pwani au wa nchi za mbali, wenye hewa tofauti na yetu. Kwa hiyo hapa najibu kwa kufuata hewa ya Dodoma.

Sijawahi kutengeneza chochote kitamu zaidi ya chai ya maziwa. Nianze na nini?

Anza na kashata za karanga. Zinataka sufuria, mwiko na sinia tu. Zinakaa siku nyingi, na hakuna mtoto nimjuaye anayezikataa.

Chukua karanga vikombe 2, sukari kikombe 1, iliki punje 5 au 6 zilizotwangwa, na chumvi kidogo ya kubana kwa vidole viwili. Kaanga karanga bila mafuta kwa moto mdogo mpaka ganda jembamba lianze kuachia, kisha zimwage kwenye ungo, zipoe, zisugue kwa viganja na upepete nje. Ukitaka kashata zilizoshikana vizuri, zitwange kidogo ili zipasuke vipande viwili vitatu, zisiwe unga.

Paka sinia mafuta kabla hujaweka sukari jikoni. Hili nalisisitiza kwa sababu sukari ikishaiva haikusubiri utafute chupa ya mafuta. Weka sukari kavu kwenye sufuria nzito, moto mdogo, na ukoroge taratibu. Kwanza itakuwa kama mchanga, halafu mabonge, halafu itaanza kulegea pembeni. Ikishayeyuka yote na kuwa na rangi ya asali, ipua, mimina karanga, iliki na chumvi, korogea haraka mpaka kila punje ishike. Mwaga kwenye sinia, bandika juu karatasi iliyopakwa mafuta na usukume kwa chupa mpaka unene uwe kama wa kidole. Una dakika mbili au tatu za kukata. Ukichelewa, zitavunjika ovyo, ingawa utamu ni ule ule.

Watoto wakae mbali na jiko wakati huu. Sukari iliyoyeyuka ina moto mkali kuliko maji yanayochemka, na ikigusa ngozi inaganda hapo hapo. Ikimwunguza mtu, weka mahali hapo chini ya maji baridi yanayotiririka kwa dakika 20, na usipake dawa ya meno wala mafuta. Kama ameungua sana, mpeleke kituo cha afya.

Kashata zangu zinakuwa kama mchanga, hazing'ai. Nakosea wapi?

Huenda umetumia maji. Sukari ikichemshwa na maji ina tabia ya kurudia punje zake, hasa ukikoroga baada ya kuanza kuchemka au punje zikibaki zimenata pembeni mwa sufuria. Koroga mpaka iyeyuke, halafu acha mwiko. Kamulia matone machache ya limau, au maji ya ukwaju kijiko kimoja cha chai. Uchachu unavunja sukari kidogo na kuizuia isigande kwa punje.

Kama umetumia sukari kavu na bado ina mchanga, basi hukusubiri iyeyuke yote. Punguza moto, vuta subira.

Mapishi yanasema "shira ifike nyuzi 150". Sina kipimajoto. Na nikiazima, namba hazilingani.

Hazitalingana, na si kosa lako. Mji wetu uko juu ya usawa wa bahari kwa mita 1,100 na ushee. Huku juu maji yanachemka yakiwa na nyuzijoto 96 hivi, si 100 kama Tanga au Dar es Salaam. Shira nayo inafuata mkondo huo: hatua ambayo pwani inafikiwa kwenye nyuzi 150, hapa inafikiwa kwenye 146. Ukingojea namba ya kitabu, shira inapita kiwango na kuanza kuungua. Nilimwaga sufuria mbili za shira nzuri kabla sijajua hilo.

Tumia bakuli la maji baridi. Dondoshea tone la shira ndani, kisha lishike kwa vidole. Likiwa bonge laini linalobonyea, hiyo ni shira ya pipi laini na tofi. Likiwa bonge gumu linalohifadhi umbo lake, linafaa kwa kashata za nazi zenye kutafunika. Likigonga "ka!" na kuvunjika kama kioo, hiyo ni ya pipi ngumu na kashata za kukatika. Kipimo hiki kinafanya kazi Dodoma, Zanzibar na Mbeya bila kubadilika, kwa sababu kinapima maji yaliyobaki kwenye shira, hakiangalii joto.

Karanga za sokoni zote ni sawa?

Hapana, na hapa naomba usome kwa makini. Karanga na mahindi vikihifadhiwa vikiwa na unyevu hushikwa na ukungu unaotoa sumukuvu. Mwaka 2016 mikoa yetu ya Dodoma na Manyara ilipoteza watu kwa sumu hiyo, iliyotokana na mahindi. Sumukuvu haiondoki kwa kukaanga wala kwa kuchemsha, na sukari nyingi inaficha ladha mbaya. Ndiyo maana mtengeneza kashata ana wajibu mkubwa kuliko mla kashata.

Nunua karanga kavu zinazolia ukizitikisa. Zimwage kwenye sinia, kwenye mwanga wa jua, na uchague moja moja: toa zilizosinyaa, zilizobadilika rangi, zilizotoboka, zenye vumbi la kijani au jeusi. Onja moja mbichi. Ikiwa chungu, usinunue debe hilo hata kama bei imeshuka. Zilizochaguliwa kuwa mbovu zitupe. Usimpe kuku wala mbuzi.

Ubuyu wa rangi unatengenezwaje? Na ile rangi nyekundu ni lazima?

Rangi ya dukani si lazima, na mimi siku hizi situmii. Natumia choya, ile wengine wanaiita rosela, ambayo inalimwa hapa kwetu na inauzwa ikiwa kavu.

Chemsha kikombe 1 cha choya kavu na vikombe 2 vya maji kwa dakika 10, chuja. Pima kikombe 1 cha maji hayo mekundu, weka kwenye sufuria pana na sukari kikombe 1 na nusu, chumvi kidogo, iliki, na pilipili ya unga kwa kadiri ya ujasiri wa wageni wako. Pika mpaka ukibana tone kati ya vidole viwili na kuviachanisha livute uzi. Tia vanila kidogo, kisha mimina ubuyu wenye mbegu nusu kilo. Punguza moto na ugeuze taratibu, kutoka chini kuja juu, mpaka kila mbegu ivae shira. Utaona mwanzoni kuna majimaji, halafu unga wa ubuyu unayanywa na mbegu zinaanza kuachana. Zitandaze kwenye sinia zipoe.

Choya na ubuyu vinapendana kwa sababu ya uchachu. Rangi ya choya inabaki nyekundu kali mahali penye uchachu, ila ikikutana na magadi, hata yale yaliyomo kwenye bekingi pauda, inageuka kuwa ya kibuluu kama ya jivu. Hivyo usijaribu kutia maji ya choya kwenye mchanganyiko wa keki ukitegemea keki nyekundu. Mama mmoja wa Nkuhungu alifanya hivyo kwa ajili ya harusi, na alichotoa jikoni hakikuwa rangi aliyoahidi. Tukaifunika kwa krimu nyeupe, maisha yakaendelea.

Ununuapo ubuyu, angalia uwe mweupe wa maziwa na mkavu. Uliogeuka kahawia ni wa siku nyingi.

Zabibu za Dodoma zinafaa kwa vitamutamu, au ni za mvinyo tu?

Zinafaa sana, na ninasikitika kuona watu wananunua juisi za boksi wakati zabibu zipo Hombolo na Mpunguzi. Mavuno yetu ni mara mbili kwa mwaka, Februari hadi Machi, na tena Agosti hadi Septemba. Ukipanga sherehe yako ikaangukia hapo, umebahatika.

Zile nyekundu za Makutupora zina ganda nene na mbegu, watoto huzitema, lakini juisi yake ni nzito na rangi yake haina mfano. Osha zabibu kilo 1, zitoe kwenye vikonyo, weka sufuriani na kikombe 1 cha maji. Moto mdogo, dakika 10, huku unaziponda kwa mwiko. Chuja kwa kitambaa safi cheupe. Usizisage kwenye blenda na mbegu zake, zinaleta uchungu.

Kwa juisi hiyo unaweza kufanya mambo matatu. La kwanza ni barafu: tia sukari, koroga, mimina kwenye vikombe vidogo, chomeka kijiti ikianza kuganda. Ifanye iwe tamu kupita unavyopenda, kwa sababu baridi hupunguza utamu mdomoni. La pili ni kastadi ya zabibu: juisi vikombe 2, sukari kwa kuonja, vijiko vya chakula 4 vya unga wa kastadi vilivyokorogwa kwanza kwa juisi baridi. Pika ukikoroga mpaka iwe nzito, mimina kwenye vikombe, nyunyiza karanga zilizotwangwa juu. Hii ndiyo ninayoipenda kuliko zote, na wageni kutoka nje ya mkoa huuliza ni nini. La tatu ni jeli, nitaieleza chini kwenye swali la umeme.

Zile nyeupe za kula zigandishe nzima kwenye friza, kila moja peke yake kwenye sinia. Watu wazima wanazila kama pipi za barafu wakati wa jua kali la Oktoba. Watoto wadogo wasipewe hivyo, sababu iko mbele.

Sina oveni. Naweza kuoka keki ya sikukuu ya kuzaliwa?

Unaweza. Keki nyingi za mtaani kwetu zimeiva kwa mkaa, na zikiokwa vizuri hazina tofauti na za oveni.

Tafuta sufuria kubwa nzito yenye mfuniko bapa wa bati au alumini. Weka mchanga safi mkavu chini, unene wa vidole viwili, na juu yake kigae au mawe matatu ya kushika sufuria ya keki isiguse mchanga. Funika, washa, acha ipate moto dakika 10 hadi 15. Hapo ndipo uweke keki. Kisha gawanya mkaa: theluthi moja ubaki chini, theluthi mbili uwe juu ya mfuniko. Keki inayoungua chini na kubaki mbichi juu ni ya mtu aliyesahau kugawanya moto.

Kipimo changu cha keki moja ya watu 12 hadi 15: unga wa ngano vikombe 2, siagi gramu 200, sukari kikombe 1, mayai 4, maziwa nusu kikombe, bekingi pauda (kiasi chake kiko kwenye swali linalofuata), vanila au ganda la limau lililokwanguliwa. Piga siagi na sukari mpaka iwe nyeupe na nyepesi (mkono utachoka, badilishaneni), tia yai moja moja, kisha unga na maziwa kwa zamu. Usifunue kabla ya dakika 30. Kwa kawaida huchukua dakika 40 hadi 50. Chomeka njiti safi katikati, ikitoka kavu, ipua.

Ukiweka zabibu kavu, zigaragaze kwenye unga kwanza na mchanganyiko uwe mzito, zisizame zote chini.

Keki yangu inapanda vizuri halafu inabonyea katikati. Jirani yangu aliyekuja kutoka Dar anapata tatizo hilo hilo.

Kwa sababu nyote wawili mnatumia kipimo cha pwani. Huku juu hewa ni nyepesi, hivyo mapovu ya bekingi pauda yanatanuka haraka kuliko unga unavyoiva. Keki inapanda, inashindwa kujishikilia, inaanguka. Kama mapishi yanasema vijiko vya chai 2, weka kimoja na robo tatu. Punguza sukari kijiko kimoja cha chakula kwa kila kikombe, na ongeza maziwa kijiko kimoja au viwili vya chakula. Ni marekebisho madogo lakini utaona tofauti mara ya kwanza.

Sababu nyingine ya keki kubonyea ni kufunua mfuniko mapema, na hiyo haihusiani na mwinuko.

Mbona keki inakauka siku ya pili tu?

Hewa yetu ni kavu. Mvua ni msimu mmoja, Desemba hivi hadi Aprili, na miezi inayobaki hewa inanyonya maji kwenye kila kitu, midomo yetu ikiwemo. Keki isiachwe wazi hata saa moja. Ikipoa tu, ifunge kwa karatasi ya nailoni ya jikoni au iweke kwenye ndoo safi yenye mfuniko. Ukipenda, chemsha maji robo kikombe na sukari robo kikombe, acha yapoe, na uipake keki kwa brashi kabla ya krimu.

Hewa hiyo hiyo inatusaidia kwingine. Kashata, visheti na bisi za sukari vinabaki vikavu na vya kukatika wiki nzima, wakati mtu wa pwani anapambana navyo vinanata ndani ya siku mbili.

Bisi zangu nusu hazipasuki. Nimebadilisha mafuta, nimebadilisha sufuria.

Badilisha unyevu. Punje ya bisi inapasuka kwa sababu ya maji kidogo yaliyomo ndani, yanayogeuka mvuke na kulisukuma ganda. Mahindi ya bisi yakikaa kwenye mfuko ulio wazi katika hewa ya Dodoma, maji hayo yanaondoka. Weka vikombe 3 vya punje kwenye chupa ya mdomo mpana, tia kijiko kimoja cha chakula cha maji, funga, tikisa. Rudia kutikisa mara kadhaa kwa siku, kwa siku mbili au tatu. Zitapasuka.

Mtama nao unapasuka ukiupa moto mkali kwenye sufuria kavu yenye mfuniko. Bisi zake ni ndogo sana, nyeupe, na ukizichanganya na asali iliyochemshwa kidogo na ufuta uliokaangwa, unabonyeza kwenye sinia na kukata vipande. Bibi zetu wa Kigogo walijua thamani ya mtama na uwele muda mrefu kabla ya unga wa ngano kufika kila duka, na nafurahi kila ninapouweka kwenye meza ya sherehe.

Kaimati zinakuwa laini kabla wageni hawajafika. Nifanyeje?

Usizitie shira mapema. Kwa unga vikombe 2, hamira kijiko 1 cha chai, sukari kijiko 1 cha chakula na tui au maziwa ya vuguvugu kikombe 1 na robo, piga kwa mkono mpaka mchanganyiko uvute, uache uumuke dakika 45 au saa moja. Kaanga kwa mafuta ya alizeti yenye moto wa wastani, ukizigeuza bila kuacha. Hadi hapo unaweza kufanya saa mbili kabla. Shira yenye iliki iweke pembeni, na wageni wakianza kukaa ndipo uipashe, uzimwage kaimati ndani, uzigeuze na kuzitoa.

Dada, badala ya sukari naweza kutumia asali?

Kwenye keki na kwenye bisi za mtama, ndiyo. Kwenye kashata za kukatika, si asali peke yake: inavuta unyevu, hivyo kashata zitabaki laini. Changanya nusu kwa nusu.

Kuhusu asali halisi, vipimo vya kiberiti na vya glasi ya maji haviaminiki. Nunua kwa mtu unayemjua, au uliyetambulishwa kwake na mtu unayemjua. Kuganda kwa asali si dalili ya kuchakachuliwa, iweke chupa kwenye maji ya vuguvugu itayeyuka. Mtoto wa chini ya mwaka mmoja asipewe asali kabisa, hata iliyopikwa kwenye kitu.

Kuna mgeni asiyekula ngano.

Kashata, ubuyu, barafu, kastadi ya zabibu na bisi zote hazina ngano, na vitumbua vya mchele vipo. Mtama pia hauna ngano, ila uhakikishe haukusagwa kwenye mashine iliyotoka kusaga ngano. Biskuti za unga wa mtama zinahitaji yai la ziada kwa sababu unga wake haushikani.

Umeme ukikatika siku ya sherehe, jeli si itakuwa maji?

Jeli ya gelatini, ndiyo. Tumia unga wa agar, unaotokana na mwani. Unaganda bila friji: kijiko 1 cha chai kwa kikombe 1 cha juisi ya zabibu au choya, koroga ikiwa baridi, kisha ichemke dakika mbili kamili. Mimina kwenye vikombe na uvisimamishe kwenye beseni la maji baridi. Itaganda, na jua la mchana halitaiyeyusha. Faida nyingine ni kwamba wageni Waislamu na wasiokula nyama wataila bila kuuliza gelatini imetoka kwa mnyama gani.

Ukitumia gelatini, usiweke nanasi wala papai ambayo hayajapikwa. Yana kitu kinachoizuia kuganda. Yachemshe kwanza.

Watoto wadogo watakuwepo. Nini cha kuchunga?

Zabibu nzima na karanga nzima humkaba mtoto. Kwa watoto wa chini ya miaka 5, kata zabibu kwa urefu mara nne, si kwa upana, na toa mbegu. Karanga ziwe zimetwangwa. Bisi na mbegu za ubuyu waachie wakubwa, na pipi ngumu vile vile. Watoto wale wakiwa wamekaa. Uliza wazazi mapema kama kuna mtoto anayedhurika na karanga, na kama yupo, vitamutamu vyake vipikwe kwanza, kwa mwiko na sufuria visivyogusa karanga.

Na ule utaratibu wetu wa kumwagia maji mwenye siku ya kuzaliwa: ondoeni keki kwanza.

Watu 50, nipike kiasi gani na nianze lini?

Kadiria vipande vidogo vinne kwa kila mtu, ukichanganya aina. Kwa watu 50 huwa napika kashata 60, ubuyu kilo moja na nusu uliofungwa vifurushi vidogo, kaimati 100, na keki mbili. Kashata na ubuyu siku nne kabla. Visheti, siku tatu kabla. Barafu, siku mbili kabla. Keki, jana yake jioni. Kaimati na bisi, siku yenyewe. Ukijaribu kufanya vyote siku moja utawapokea wageni ukiwa na kanga ya jikoni.

Manunuzi yafanye Majengo au Sabasaba asubuhi, na kwa wanaokaa Nzuguni na Ipagala, Soko la Job Ndugai liko jirani.

Nifungashie nini?

Mifuko ya plastiki ya kubebea imepigwa marufuku tangu Juni 1, 2019, hivyo zawadi za watoto kuondokea zifunge kwenye mifuko ya karatasi ya kaki, ukifunga juu kwa utepe au uzi wa katani. Kashata ziviringishwe kwanza kwenye karatasi ya siagi.

Meza ya nje ifunikwe. Kuanzia Juni upepo wetu unabeba vumbi jekundu mpaka ndani ya kikombe. Chandarua cha chakula au kitambaa chepesi kilichoshonewa shanga pembeni kinatosha.

Wageni wamevipenda, wanataka niwauzie. Inaruhusiwa?

Biashara ya chakula ina taratibu zake. Tangu 2019 usalama wa chakula uko chini ya TBS (Shirika la Viwango Tanzania), na SIDO, shirika la viwanda vidogo, hufundisha wajasiriamali wadogo usindikaji na ufungashaji. Nenda ofisini kwao na sampuli yako mkononi, utapata majibu ya bidhaa yako hasa.

Nataka kumpelekea mama kashata Dar es Salaam. Zitafika salama?

Zitafika. Tangu treni ya umeme ianze kufika Dodoma mwaka 2024, ni safari ya saa chache, na hata kwa basi kashata hazidhuriki. Shida inaanza zikishafika, kwa sababu hewa ya kule itazifanya zinate. Zifunge kila moja na karatasi, zipange kwenye kopo la bati lenye mfuniko unaobana, na utie ndani kifuko kidogo cha kitambaa chenye mchele mkavu uliokaangwa, unanyonya unyevu. Mwambie mama afunge kopo kila anapotoa moja. Ubuyu ufunge kivyake, usichukue harufu ya karanga.